Maswali Yenu: Umezima Makro, Sasa Unadhani Umemaliza?

Wiki hii mmeniandikia sana kuhusu Word na Excel. Nimechukua machache, na yale ya kuingia WhatsApp ya bibi yako nimefuta kama kawaida.

Nimezima makro zote kwa Word. Si basi faili haiwezi kunifanyia kitu? – Karani, Upper Hill

Inaweza, bana. Makro, yaani zile programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya faili, ni njia moja tu. Dokumenti inaweza kupachikwa vitu ndani, jedwali la Excel, hesabu, hata faili nzima ya programu, na kila kitu kilichopachikwa kinaita programu yake ya kukifungua, sasa shida mara nyingi iko huko wala sio kwa Word yenyewe. Chukua Equation Editor, ile programu ndogo ya kuandika hesabu. Faili yake ilijengwa mwaka 2000 ikaendelea kubebwa ndani ya Office toleo baada ya toleo, bila zile kinga za memori ambazo programu za siku hizi ziko nazo. Mwaka 2017 watafiti wakaonyesha kwamba ukiipa jina la fonti refu kuliko nafasi iliyotengewa, kile kinachozidi kinageuka amri na kompyuta inaitii. Hakuna makro hapo hata moja. Microsoft wakatoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba shimo, Novemba 2017, na Januari 2018 wakaona heri waing'oe kabisa.

Halafu Mei 2022 likaja shimo lingine lililoitwa Follina. Dokumenti inavuta ukurasa kutoka nje, ukurasa unaamsha kifaa cha Windows cha kutafuta hitilafu, nacho kinatekeleza amri za mwizi. Ikiwa imeseviwa kama RTF, aina nyingine ya faili ambayo Word inafungua, hata kuifungua haikuhitajika, ukiichungulia tu kwa kidirisha cha preview imekwisha. Kiraka kilikuja Juni mwaka huo huo.

Sasa fanya hivi leo: tafuta EQNEDT32.EXE kwa kompyuta ya ofisi. Ikitokea kwa folda inaitwa EQUATION, Office yako haijaonja apdeti miaka mingi, mwambie bosi.

Antivairasi ya bure inatosha? – Rongai

Ukiiapdeti na usiizime kila fundi akikuambia uizime, itakusaidia. Nimejibu hili mara ngapi jamani.

Nimetumiwa Excel ya "LPO mpya". Ndani kuna ikoni ya PDF, chini imeandikwa bonyeza mara mbili uone oda. Nibonyeze? – Stoo, Industrial Area

Usibonyeze! Ile ikoni na lile jina chini yake amechagua yule aliyetuma, anaweza kuweka ya PDF juu ya skripti, yaani faili ya amri, na hautajua. Kama ni .xlsx, fanya kopi, badilisha mwisho wa jina iwe .zip, ifungue, ingia folda ya xl halafu embeddings. Ukikuta oleObject1.bin, kuna mzigo umepachikwa. Kwa Word ya .docx ni hivyo hivyo ila folda ni word. Kwa .xls za zamani ujanja huu haufanyi kazi.

Lakini jiulize kwanza, mnunuzi wa kweli anaficha PDF ndani ya Excel kwa nini na angeiatachi tu? Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, sio ile iko kwa imeili. Na kama faili imekuja na pasiwadi imeandikwa hapo hapo kwa imeili, ongeza shaka, kwa sababu iliyofungwa hivyo skana ya imeili mara nyingi haioni ndani.

Niko na saiba Ngara. Faili za imeili Word inaniuliza kwanza, za flashi inafungua tu. Za flashi ni salama zaidi? – Mwenye saiba

Kinyume kabisa. Faili ikishuka kutoka intaneti Windows inaibandika alama, Word ikiiona inaifungua kwa Protected View, ile hali ya kusoma tu mpaka ubonyeze Enable Editing, na tangu 2022 makro zake zinazuiwa pia. Sasa hiyo alama inakaa kwa diski za NTFS tu, mpangilio wa faili ambao Windows inatumia kwa diski yake, na flashi nyingi za wateja ziko na mpangilio mwingine, FAT32 au exFAT, kwa hivyo alama inapotea njiani na Word inaichukua faili kama ya nyumbani. Tenga mashine moja ya kuprinti faili za flashi tu. Na mkiacha kusevi pasiwadi za iTax za wateja kwa brauza itakuwa vizuri zaidi, mko na siri za nusu ya mtaa hapo.

Office 2016 yangu ya krak inafanya kazi poa. Kuna haja ya kubadilisha? – Umoja

Tena hili. Hata ile ya kununuliwa Microsoft waliacha kuitolea apdeti za usalama 14 Oktoba 2025. Yako iliingia na aktiveta, ile programu ya kuifungua bila kulipa, iliyokuomba uzime antivairasi kwanza, na ukakubali, halafu unaniuliza mimi.

Nikihamia LibreOffice nitakuwa salama? – Mwalimu, Kasarani

Mwalimu, ni bure na ni halali, kwa hivyo ndiyo, hamia. Lakini nayo inataka apdeti. Mapema 2019 ilitangazwa shimo lake ambapo ukipitisha mausi tu juu ya linki iliyofichwa, skripti ya Python, lugha ya kuandikia programu, inaendeshwa. Walikuwa wameshaliziba, ila kwa wenye toleo jipya peke yao.

Nilibonyeza Enable Editing, Word ikajifunga, ikafunguka tena na barua ya kawaida. Nifanye nini? – Westlands

Chomoa waya, zima Wi-Fi, sasa hivi. Ile barua ya kawaida huenda ni chambo cha kukutuliza. Badilisha pasiwadi ukitumia mashine nyingine, anza na imeili halafu benki. Usifute ile faili, mtu wa IT ataihitaji, na kampuni iripoti kwa KE-CIRT, kituo cha taifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandao. Na mwambie bosi wako kabla ya saa ya kwenda nyumbani, sio Jumatatu.