Kishikio cha nje cha mlango kinavutika bure: fungua kava kwanza, kitasa ununue baadaye

Mkuu, umeeleza kwamba ukivuta kishikio cha nje cha mlango wa dereva kinakuja chepesi bila kukamata kitu, ila ukiwa ndani mlango unafunguka kama kawaida. Fundi amekwambia kitasa, ile mashine ya ukingoni inayoushika mlango, kimekufa, tafuta kingine. Nakusihi usitoe hela bado. Kishikio cha ndani na cha nje vyote vinavuta kitasa kilekile kimoja. Kama cha ndani kinafungua, mara nyingi kitasa kipo hai. Kinachoachia kwa kawaida ni kile kifito cha chuma kinachotoka kwenye kishikio kwenda kwenye kitasa, na mara nyingi chanzo ni klipu ya plastiki iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nina Corolla 110 hapa Mbeya, na mlango wake ulifanya hivyohivyo.

Pandisha kioo hadi juu, kisha chomoa waya hasi wa betri. Skrubu za kava la ndani zimejificha: tafuta nyuma ya kishikio cha ndani na kwenye sehemu ya kuegemeza mkono. Kama gari ni ya kuzungusha kioo kwa mkono, ule mkono wa kuzungushia umeshikwa na pini ya chuma kwa nyuma. Pitisha kitambaa kati yake na kava, uvute kulia na kushoto kama unang'arisha kiatu, pini itaruka yenyewe. Iwekee mkono, ikipotelea kwenye nyasi hutaiona. Baada ya hapo achia klipu za pembeni kuanzia chini, halafu nyanyua kava kwenda juu maana limening'inia kwenye ukingo wa kioo. Usilivute kwa nguvu kabla hujachomoa soketi za swichi.

Utakutana na nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Hii wengi wanaichana na kuitupa, na inaniuma kila nikiona. Maji ya mvua hupita kwenye kioo yakaingia ndani ya mlango, hivyo ndivyo ulivyoundwa, na hutoka kupitia vitundu vya chini. Nailoni ndiyo inayozuia yasije upande wako. Kwa mvua za Tukuyu na Rungwe nzima, gari isiyo na nailoni italowanisha kapeti na kukuharibia spika. Ibandue taratibu, uirudishe na gundi yake ileile. Ukiwa hapo zibua na hivyo vitundu vya chini kwa waya, tope likiziba mlango unaoza kuanzia ndani.

Washa tochi uangalie nyuma ya kishikio cha nje huku mtu mwingine anakivuta. Utaona kifito kinaning'inia, au klipu imepasuka na kifito kinacheza ndani ya tundu. Klipu inauzwa kwenye maduka ya spea, nenda na ya zamani mkononi. Usifunge kwa waya wa kuchomelea au mpira wa tyubu. Vitashika kwa muda, halafu vitaachia siku umefunga milango na mzigo uko ndani. Kama kishikio chenyewe kimekatika kile kimkono cha nyuma, hapo badilisha kishikio. Vaa glovu, kingo za bati ndani ya mlango zinakata kama wembe.

Kwa yule aliyeuliza kuhusu mlango unaogonga na kurudi, hasa asubuhi za Juni na Julai, hilo ni tatizo jingine. Grisi ya zamani imechanganyika na vumbi la barabara zetu, na baridi ikija inakuwa nzito kiasi kwamba springi haiwezi kuurudisha ulimi wa kitasa, kile kipande kinachozunguka na kuushika mlango. Hapo si lazima hata ufungue kava. Mlango ukiwa wazi, sugua ulimi kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, mbali na moto, futa uchafu wote, acha pakauke, kisha paka grisi mpya nyeupe kidogo. Oili chafu ya injini usiiweke, inakusanya vumbi upya.

Na mlango wa nyuma unaofunguka kwa nje tu, angalia kwanza loki ya watoto kwenye ukingo wa mlango. Mara nyingine imeguswa tu wakati wa kuosha gari.

Sasa hili lishike kuliko yote: ukimaliza kuunganisha, USIFUNGE mlango. Sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi ukiwa wazi hivyohivyo. Utasikia mlio wa kwanza, sukuma tena usikie wa pili, hapo kitasa kimejifunga kabisa. Vuta kishikio cha nje, ulimi ufyatuke. Rudia kwa kishikio cha ndani, kisha jaribu ufunguo na kitufe cha kufungia. Chochote kikigoma, bado unakiona na unakifikia. Ukifunga mlango kitasa kikagoma ndani, kutoa kava la mlango uliofungwa ni kazi ya kukutia machozi.

Ikiwa umeangalia na kweli springi ya kitasa imekatika, basi kitoe. Kinashikwa na skrubu tatu kwenye ukingo wa mlango, zimekaza sana. Tumia bisibisi inayojaa kichwani, igonge kwa nyundo kidogo kabla ya kuzungusha, la sivyo utakula kichwa cha skrubu. Nenda nacho soko la Mwanjelwa hapa Mbeya ulinganishe na cha mtumba: upande wa kulia au kushoto, wa mbele au nyuma, na idadi ya pini kwenye soketi. Kijaribu kwa bisibisi palepale dukani kabla hujalipa. Ukikwama kwenye kava, tuma picha ya sehemu ulipofikia, nitakuelekeza.