Wakalimani Wapya, Acheni Kuidharau "Na"

Nimesikiliza rekodi za mazoezi yenu ya wiki hii, wadogo zangu. Nimecheka, nikanuna, nikacheka tena. "Mabadiliko ya tabianchi" mnayatoa bila kumeza mate. Faharasa zenu zimepakwa rangi hadi zinapendeza. Halafu msemaji anatamka silabi moja tu, "na", mnaanguka nayo chali. Makosa yenyewe ni yale yale ya kwetu enzi hizo, na sijui mmeyarithi vipi maana hakuna aliyewafundisha. Nitayahesabu, ili mtu asije kudai hakuyaona.

1. Anzeni na "na" ya nyumbani. Mnadhani mnaijua kwa sababu mlizaliwa nayo. "Juma na Asha" inaunganisha. "Alipigwa na Juma" inamtaja mtenda. "Nina kiu" ni kumiliki, "anakula" ni wakati, "na mimi nimo" ni pia. Halafu kuna "wameachana na", "mbali na", "tofauti na", ambapo silabi hiyo hiyo ya kuunganisha ndiyo inayotenga. Kila moja ikienda lugha nyingine hupitia mlango wake, na wengi wenu mnazipitisha zote mlango mmoja.

Kwenye ukalimani fuatizi hili lina nafuu, unasubiri sentensi iishe. Kwenye ukalimani sambamba, unaposema huku msemaji naye anaendelea, ni balaa. Mmoja wenu (anajijua) alisikia: "Ripoti iliandikwa na tume na wizara..." Akakimbilia kutangaza kwamba ripoti imeandikwa na tume pamoja na wizara. Msemaji akamalizia: "...ikaipokea kwa mikono miwili." Sasa utarudi vipi? Akatulia, akapumua kwenye maikrofoni, sentensi mbili zikampita. Dawa ni kuchelewa kidogo: ukisikia "na" ya pili baada ya kitenzi cha kutendwa, usifungue mdomo mpaka usikie kitenzi kinachofuata.

2. "Na" mwanzoni mwa kitenzi. Kiswahili "naenda" ni sasa hivi. Kinyarwanda "nagiye" ni nilikwenda. Kiganda "nagenda" pia ni nilikwenda. Majirani hawa wanatembeleana kila siku, lakini kwa mmoja shahidi yuko njiani na kwa wengine alishafika. Msiseme hamkuambiwa.

3. Hii nitaieleza kwa urefu, na naomba msinikatize kwa maswali.

Kabla ya kuingia mambo ya mikutano nilikuwa nakalimani mahojiano ya wakimbizi Nairobi, katika ofisi ambayo sitaitaja. Lingala yangu ilikuwa ya vitabuni, nikaipiga msasa kwa muziki na kwa marafiki, nikajiona nimefika. Vitabu vyangu vilinifundisha kwamba "ndugu yangu" ni "ndeko ya ngai". Safi kabisa. Tatizo ni kwamba mtu wa Kinshasa hazungumzi ili kumfurahisha mwandishi wa kitabu. Yeye husema "mwana na ngai" kwa mtoto wangu na "ndeko na ngai" kwa ndugu yangu. "Na" yake hapo ni "wa".

Akaja baba mmoja, mtulivu, mwenye kauli fupi. Afisa alikuwa akimuuliza habari za 2012, mwaka ambao waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, mwezi Novemba. Ilikuwa muhimu kujua nani alikuwa wapi. Yule baba akajibu: "Ndeko na ngai azalaki na Goma na deux mille douze."

Tazameni hiyo sentensi. Ina "na" tatu, na hakuna hata moja kati yake inayofanya kazi ya "na" yetu. Ya kwanza ni "wa": ndugu wa mimi. Ya pili ni ya mahali: huko Goma. Ya tatu ni ya wakati: mwaka huo. Maana yake: ndugu yangu alikuwa Goma 2012. Basi.

Sikio langu la Kiswahili likasikia "ndugu na mimi". Nikamwambia afisa, kwa sauti ya mtu asiye na shaka: "Mimi na ndugu yangu tulikuwa Goma mwaka 2012."

Nilikuwa na kila sababu ya kujishuku. Kitenzi kilikuwa kinapiga kelele. "Azalaki" ni ya mtu mmoja, yeye. Wangekuwa wawili angesema "tozalaki". Hata Kiswahili chenyewe hakikubali "ndugu na mimi alikuwa". Lakini nilishaipata maana kabla kitenzi hakijafika, na aliyekwisha kupata maana hasikilizi tena.

Afisa akanyanyua uso. Saa moja nyuma mhojiwa alikuwa amesema hakuwahi kutoka Kinshasa kabla ya kukimbia. Sasa yuko Goma? Maswali yakabadilika sura: ulifika lini, ulisafiri na nani, ulikaa kwa nani. Yule baba akawa anajibu kwa mshangao, nami nikautafsiri mshangao wake kama kusitasita. Hilo ni kosa juu ya kosa. Mtu anayeulizwa habari za safari asiyoifanya lazima atasitasita.

Ukweli ulijitokeza tuliposoma maelezo kwa sauti ili ayathibitishe. Nilipofika kwenye "tozalaki na Goma" alininyanyulia mkono. "Ngai te," akasema. Si mimi. "Ndeko."

Nikaelewa pale pale. Damu ikanipanda mpaka masikioni. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe, maana kukosea silabi hutokea kwa kila mtu: nilinyamaza. Nilitafsiri "si mimi, ni ndugu yangu", kwa usahihi mkubwa, nikaacha ionekane yeye ndiye aliyegeuza kauli. Nikamwona afisa akiandika kwamba mhojiwa amebadilisha maelezo. Kalamu ilikuwa mbele ya macho yangu. Ningesema maneno matano tu: samahani, kosa ni la mkalimani. Sikuyasema. Nilikuwa mgeni kazini, nilikuwa na kodi ya nyumba, na nilijiambia kwamba kwa kuwa kauli ya mwisho iko sawa basi hakuna aliyeumia.

Usiku sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa msimamizi wangu, mama mmoja mkali, nikamweleza. Hakunifokea. Alinipa karatasi akasema, "Andika, weka sahihi." Maelezo yangu yakaambatishwa kwenye faili, mahojiano yakapangwa upya na mkalimani mwingine, na yule baba akasubiri miezi zaidi kwa sababu yangu. Nilikutana naye ukumbini siku ya marudio. Alinisalimia vizuri tu. Ningependa angenitukana.

Kwa hiyo ukigundua umekosea, wasimamishe wote na useme ni wewe uliyekosea, hapo hapo, hata kama chumba kimejaa mawaziri.

4. Kireno. Tangu 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno, kwa hiyo Msumbiji na Angola mtazisikia sana, na wengi mtapokea kwa relei, yaani mkimfuata mkalimani mwingine badala ya msemaji mwenyewe. "Na" yao ni "em" na "a" zilizoungana: "na praia" ni ufukweni, "na escola" ni shuleni. Kwa jina la kiume inageuka "no". Mmoja wenu kwenye mazoezi alipata "o ciclone Idai na Beira" akatoa "kimbunga Idai na Beira", kana kwamba vimbunga vilikuwa viwili, kumbe Beira ni mji.

Huko huko kusini kuna Wazulu, ambao "na" huiweka mwisho kuuliza swali. "Uyaphila na?" Hujambo? Nilimwona kijana wetu ameshika kalamu hewani akisubiri "na" nani. Mzee wa watu naye alikuwa akisubiri kujibiwa salamu.

5. Umoja wa Afrika uliipokea lugha yetu kuwa lugha ya kazi Februari 2022, kwa hiyo Wanaijeria hamtawakwepa. Wakiwa rasmi wanasema Kiingereza. Utani ukiwazidi wanahamia Pijini, Kiingereza chao cha mtaani, na hapo "na" ni "ndi-". "Na so" ni ndivyo. "Na me" ni ndimi. Inaingia kwenye Kiswahili vizuri hadi raha, mradi usiiache ikapita kama kiunganishi. Kwa Mhausa "na" ni mimi niliyekwisha kutenda: "na zo", nimekuja, "na gode", ile asante yao. Kwa Waigbo ndiko kwenye kiini macho: "ọ na-eri nri" ni anakula, na "na-" yao imekaa mahali pale pale pa "-na-" yetu. Msifurahi mno. Sentensi inayofuata itakuwa na "na" nyingine ya mahali, na mtakuwa bado mnashangilia.

6. Za mbali nazitaja kwa starehe tu. Mrusi akisema "na" yuko juu ya kitu; akikunyooshea kitu huku akisema "na", anakwambia shika. Mchina anazo kadhaa zinazotofautiana kwa toni: moja ni ile, nyingine ni ipi, nyingine ni kushika. Mhindi humalizia "hai na?", si ndiyo? Binamu yangu aliyefanya kazi Doha alirudi na "tama na" ya wenzake Wafilipino, yaani inatosha, basi, na huwakaripia nayo wanawe hadi leo. Hizo haziwezi kuwaangusha. Mrusi akitamka "na" unajua fika kwamba huijui, unauliza. Ya Mlingala inafanana na yetu, ni ya ukoo mmoja na yetu, mara nyingine hata maana ni ile ile: "ngai na yo" ni mimi na wewe, hakuna mjadala. Ndiyo maana hamuulizi.

Jumatatu kila mmoja aje na ukurasa mmoja kwenye faharasa yake ambao hauna istilahi hata moja: silabi tupu, "na", "ka", "ma", "ni", katika lugha zake zote za kazi, na mfano wa sentensi nzima kwa kila moja. Mwenye Kisomali aanze na "ma", maana "ma keenay?" inauliza kama ameleta, na "ma keenin" inasema hakuleta, na tofauti yote iko mkiani mwa kitenzi, pale ambapo nyinyi huwa mmeshaacha kusikiliza. Atakayekuja mikono mitupu nitamkalisha kwenye kibanda cha wakalimani wa Kisomali, ajue Kisomali asijue.