Madaktari wakipuuza maonyo ya mfumo, anza na kanuni zenyewe

Unasema madaktari wanafunga maonyo ya mfumo wa kompyuta wa kuandikia dawa bila kuyasoma, na unataka kuwapeleka semina. Subiri kwanza. Toa kumbukumbu za mwezi mzima, zipange kwa kanuni, yaani masharti yanayoufanya mfumo utoe onyo: kila onyo lilitokea mara ngapi, na mara ngapi daktari alibadili dawa au dozi. Aghalabu kanuni chache ndizo zinazoleta karibu kelele zote.

Chukua spironolaktoni (dawa ya kuongeza mkojo inayobakiza potasiamu mwilini) na vidonge vya potasiamu: pamoja vinaweza kuipandisha potasiamu kupita kiasi. Mfumo ukionya hata pale potasiamu ya mgonjwa iliyopimwa jana ni 3.1 mmol/L, yaani iko chini, daktari ana haki ya kuupuuza. Iunganishe kanuni hiyo na majibu ya maabara: itoe onyo potasiamu ikizidi 5.0, au kipimo kikiwa cha zamani au hakipo kabisa. Warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na metronidazoli (antibiotiki) zikiandikwa pamoja, onyo liache lisimamishe skrini, maana hapo mgonjwa anaweza kuvuja damu kweli. Maonyo madogo madogo yaonekane pembeni tu.

Kagua pia vizio vya vipimo. Kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) ya 1.2 mg/dL ni karibu 106 µmol/L. Mashine ikituma kwa kizio kimoja na mfumo ukasoma kingine, hesabu ya figo yote inaharibika, na dozi ya gentamisini, antibiotiki inayopangwa kulingana na figo, pamoja nayo. Uzito wa mtoto, unaotumika kukokotoa dozi, usikubaliwe bila tarehe ya kupimwa.

Na sababu ya kupuuza onyo? Weka machaguo matatu au manne ya kubofya. Ukiwalazimisha kuandika, utaletewa nukta tupu.