Kranberi za kilimo hai karibu na bahari: niweke samadi?

SWALI: Habari za kazi mtaalam. Mimi na mume wangu tuko Wareham, Massachusetts, tumekodi eka mbili za kranberi karibu kabisa na bahari, tunataka tuuze kama za kilimo hai. Kwetu Moshi shamba bila samadi ya ng'ombe sio shamba, je tuimwage? Na kuvuna, tujaze maji kama majirani au tuvune pakavu?

JIBU: Nzuri dada, poleni na kazi. Naanza na samadi maana hapo ndo watu wengi wa kwetu wanaharibu: usiweke, hata debe moja. Kranberi, hivi vitunda vyekundu vichachu vya mmea unaotambaa, sio mgomba. Inapenda udongo mchachu, pH ya 4 mpaka 5.5 hivi, na chakula kidogo sana, ukiizidishia naitrojeni inatoa matawi marefu yanatambaa shamba zima na matunda huyaoni, alafu samadi inakuja na mbegu za magugu na wewe dawa ya magugu ya dukani huruhusiwi kwaiyo utang'oa kwa mkono mpaka mgongo ukome. Ukiona majani yamepauka tumia mbolea ya maji ya samaki, ile iliyokubaliwa na watu wa cheti cha kilimo hai, kidogo kidogo.

Silaha yako wewe ni mchanga na maji. Hapo jirani yenu Cape Cod, mji wa Dennis, mwaka 1816 bwana mmoja Henry Hall aliona kranberi zake zilizofukiwa na mchanga wa upepo ndo zinastawi kuliko zingine, na mpaka leo kazi ni ile ile. Kila baada ya miaka 2 mpaka 5 unamwaga inchi nusu mpaka moja, wengi wanamwaga wakati wa baridi, juu ya barafu ya yale maji wanayojaza shambani, ikiyeyuka mchanga unashuka wenyewe. Tawi lililofukiwa linatoa mizizi mipya na vichipukizi vinavyosimama wima, na hivyo vya wima ndo vinazaa. Pia mchanga unafukia mbegu za mlangamia. Mnaujua huo, nyuzi za rangi ya chungwa zinazojizungusha kwenye mmea na kuunyonya. Ukiziona mwezi wa sita toa siku hiyo hiyo, tena na kipande cha kranberi kilichoshikwa, kabla hazijatoa mbegu.

Maji nayo: baadhi ya miaka, sio kila mwaka, wakulima wa Massachusetts wakishatoa yale maji ya wakati wa baridi wanayarudisha shambani kuanzia katikati ya mwezi wa 4 kwa kama siku 30. Hiyo inapunguza sana yule funza anayeingia ndani ya tunda, na kuoza kunapungua, bila kupuliza chochote. Ila mko karibu na bahari, kwaiyo nawaomba sana, kikipita kimbunga pimeni chumvi kwenye bwawa lenu kabla hamjafungulia pampu, kranberi haivumilii chumvi kabisa.

Cheti: lazima ipite miaka 3 kamili tangu dawa au mbolea iliyokatazwa iwekwe mara ya mwisho mpaka siku ya kuvuna, mwombeni mwenye shamba rekodi za alichopuliza, kwa maandishi.

Sasa kuvuna. Kata kranberi moja katikati utaona vyumba vinne vya hewa, ndo maana inaelea, wale wanaojaza maji wanazitikisa zikaachia matawi zikapanda juu wakazikusanya. Ni haraka na unapata karibu zote, lakini tunda lililolowa halikai, linaenda kiwandani kwa juisi na sosi. Kwa eka mbili za kilimo hai mimi ningevuna pakavu sehemu nzuri zaidi, kwa ile mashine ya kusukuma yenye meno kama kitana, niuze mbichi kwenye masoko ya wakulima, alafu zilizobaki ndo nijaze maji. Kama aina yenu ni Early Black anzeni kuangalia katikati ya mwezi wa 9, Howes inasubiri wa 10 na inakaa vizuri zaidi baada ya kuvunwa. Jaribu kuzidondosha mezani, nzima inadunda, iliyooza inakaa pale pale.

Na msianze asubuhi na mapema kama mnavuna kahawa, subirini umande ukauke kabisa kwenye majani, hata kama ni saa 5.