Deki ya Zamani: Itengenezwe kwa Ajili ya Kanda, Si kwa Ajili ya Kurekodi

Katika nyumba nyingi za Dodoma zilizopata televisheni miaka ya 1990, deki ya kanda za VHS bado ipo kabatini, imefunikwa kitambaa, na kando yake zimepangwa kanda ambazo hazijatazamwa kwa muda mrefu. Ndugu wanaojua jinsi nilivyohangaika na deki ya marehemu baba huniuliza kama yao itengenezwe au wanunue kifaa kingine. Huwa nawajibu kwamba hayo ni maswali mawili, kwa kuwa deki ilinunuliwa kwa kazi mbili, kurekodi vipindi na kuchezesha kanda, na kazi hizo hazistahili tena uamuzi mmoja.

Kuhusu kurekodi, usitumie hata shilingi moja kwa fundi. Matangazo ya analojia yalizimwa Dodoma tarehe 31 Januari 2013, hivyo deki ya zamani haiwezi tena kunasa kituo chochote kwa antena yake. Unaweza kuiunganisha na king'amuzi kwa waya za njano, nyekundu na nyeupe, lakini utapata picha hafifu kwenye kanda ambayo hata madukani haionekani. Nunua king'amuzi chenye tundu la USB na uwezo wa kurekodi, kisha ukipachike diski ya nje badala ya flashi, kwa sababu flashi nyingi huchoka mapema zikiandikwa mfululizo. Saa moja ya chaneli ya picha ya kawaida huchukua takribani GB 1 hadi 2, kwa hiyo diski ya GB 500 itakutosha kwa zaidi ya saa 200. Kabla ya kulipa, uliza kama kilichorekodiwa kinaweza kuchezwa kwenye kifaa kingine, maana ving'amuzi vingi vya kulipia hufunga rekodi zisomwe na king'amuzi kilekile tu, na kikiharibika zinapotea nacho.

Kuchezesha kanda ni jambo zito zaidi, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji asikubali deki yake itupwe. Kampuni ya Funai ya Japani, inayofahamika kuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Hakuna deki mpya ya kwenda kununua. Wakati huohuo kanda zenyewe zinazeeka, kwa sababu usumaku uliobeba picha hufifia na gundi inayoushika kwenye utepe hulegea. Katika kanda za baba mlikuwa na harusi za shangazi zangu, ubarikio wetu, na vipindi vya ngoma za Wagogo alivyovirekodi kutoka kwenye televisheni, akina mama wakipiga muheme. Vipindi vya namna hiyo huenda havijahifadhiwa mahali pengine popote, na hakuna ajuaye kama vitarushwa tena.

Tatizo la kwanza la deki iliyokaa muda mrefu ni mikanda ya raba inayozungusha mitambo ya ndani. Raba ikikakamaa au kulegea, kanda huingia na kutolewa nje papo hapo, au deki huanza kuila kanda. Kwa sababu hiyo, usiijaribu deki iliyolala miaka mingi kwa kutumia kanda ya harusi. Tafuta kanda usiyoihitaji uitangulize. Tatizo la pili ni vumbi, ambalo kwa hapa kwetu ni adui mkubwa, kwani tangu Mei hadi Novemba mvua hazinyeshi na upepo unaingiza vumbi katika kila tundu. Vumbi hilo hushika kwenye vichwa vya kusomea picha, na skrini hujaa chenga hata kama kanda ni nzima. Mafundi wengi huviita vichwa hivyo vibovu wakati vinahitaji kusafishwa tu.

Usafishaji wenyewe unataka utulivu. Vichwa hivyo ni vidogo mno, navyo vimepachikwa kwenye ngoma ya chuma inayozunguka mara 25 kwa sekunde katika PAL, mfumo wa picha za televisheni tunaoutumia. Chomoa umeme kwanza, lowesha karatasi laini kwa spiriti ya isopropili, ishike itulie ubavuni mwa ngoma, kisha izungushe ngoma polepole kwa mkono wa pili. Usisugue kwenda juu na chini, kwani kichwa kitavunjika, wala usitumie pamba, kwani nyuzi zake hunasa. Sehemu ya kupokea umeme usiiguse kabisa kama wewe si fundi, maana kapasita zake, yaani vipande vinavyotunza chaji ya umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Fundi akibadilisha kapasita zilizovimba, mwombe aweke zinazostahimili nyuzi joto 105 badala ya 85. Tofauti ya bei ni ndogo na zinadumu zaidi.

Spea ndiyo changamoto. Ushauri ulionisaidia mimi ni kununua deki nyingine mbovu ya aina ileile, kwa kuwa mara nyingi deki mbili zilizokufa kwa sababu tofauti hutoa moja iliyo hai. Zunguka kwa mafundi wa Majengo na Sabasaba, uliza pia kwa jamaa, maana wapo watakaokupa bure. Fundi anayekwambia deki haina tiba kabla hajafungua kifuniko, muage kwa heshima uende kwa mwingine.

Hewa kavu ya Dodoma ina faida moja, nayo ni kwamba kanda zetu hazioti ukungu kwa urahisi kama za ndugu zetu wa Tanga au Dar es Salaam. Ukiletewa kanda kutoka pwani, ichungulie kwenye kidirisha chake, na ukiona madoa meupe kwenye utepe usiichezeshe, kwa sababu ukungu utahamia kwenye vichwa na kutoka hapo kwenda kwenye kanda zako zote.

Deki ikishapona, ianzishe kazi siku hiyohiyo. Utahitaji kompyuta na kifaa kidogo cha USB cha kunasia picha, uchague PAL kwenye programu yake. Vunja kwanza kile kiplastiki cha mgongoni mwa kanda ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya, kisha ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha ili utepe ulegee. Kanda ya E-180 itachukua saa tatu kamili, hakuna njia ya mkato, na umeme ukiyumba ni bora uahirishe au utumie stabilaiza. Anza na kanda ambayo hakuna mwingine katika ukoo mwenye nakala yake. Kila faili lihifadhi kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na kanda zote zikishahamishwa, iazime deki hiyo kwa jirani au ndugu ambaye zake bado zimo kabatini.