Nachekesha harusini, nataka mchezo wangu wa televisheni

SWALI: Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni kijana wa Wete. Nachekesha kwenye maharusi na sherehe za skuli, na siku hizi naitwa hata Chake. Nataka niwe na mchezo wangu wa televisheni, niuandike na niuigize mwenyewe. Wenzangu wananambia kwanza niache lafudhi ya Kipemba, la sivyo Dar hawatanielewa. Nianzie wapi?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Lafudhi yako usiiguse. Hilo limeniuma nilipoisoma barua yako, ndiyo maana nalitanguliza.

Yuko kijana Marekani, Ramy Youssef, aliyezaliwa mwaka 1991, wazazi wake Wamisri. Naye ni mchekeshaji wa jukwaani, mtu mmoja na kipaza sauti. Mwaka 2012 alipata nafasi katika mchezo wa televisheni wa watu wengine, akisema aliyoandikiwa. Hiyo ni kazi halali na inafundisha kamera. Lakini jukwaa hakuliacha, na huko alizungumzia mambo ya kwao: wazazi, swala, utoto wa Muislamu New Jersey. Aprili 2019 ukatoka mchezo wake mwenyewe, Ramy, aliouunda na wenziwe wawili na kuuigiza yeye. Januari 2020 ukampa tuzo ya Golden Globe. Alipopanda kuipokea alimshukuru Mungu, akasema Allahu Akbar mbele ya Hollywood nzima, kisha akatania kuwa hata mama yake alimtakia ushindi Michael Douglas, mwigizaji mkongwe aliyekuwa akishindania naye tuzo ile.

Mengine yaliyomo katika mchezo ule siyakubali, na usiutazame na wazee sebuleni. Ila iangalie sehemu ya kwanza. Kijana anatawadha msikitini, mzee anamkalia kooni: hukuosha baina ya vidole vya miguu! Mzee huyo Wete hayuko? Mbona yuko kila msikiti! Yule kijana hakumficha ili Wamarekani waelewe. Alimweka mbele, na wakaelewa.

Sasa kazi yenyewe. Ukiwa jukwaani, mzee yule anaishi kinywani mwako; unamgeuza utakavyo, na siku zote wewe ndiye mwenye haki. Kwenye televisheni anachezwa na mtu mwingine, ana sauti yake na hoja zake, na pengine ni yeye aliye sawa. Hapo ndipo wachekeshaji wengi wanapokwama. Wanaandika mchezo ambao wao wanasema, wengine wote wanacheka tu.

Kwa hiyo anza na usiku wa kuchambua karafuu. Watu wamelizunguka jamvi, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu kule, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Shangazi anamsema mkwe bila ya kumtaja. Mkwe anajifanya hasikii, lakini makonyo anayachomoa kwa hasira. Mtoto anauliza lile ambalo wakubwa wote wanalikwepa. Wewe jipe maneno machache kuliko wote. Wape wenzako wasome kwa sauti, urekodi kwa simu, usikilize watu wanacheka wapi, kisha ufute pale walipokaa kimya.

Dar ipo, boti zipo, na siku ya kwenda itafika. Nenda ukiwa na sehemu tatu nne zilizokamilika mkononi, kwa Kipemba chenu. Hiyo ya karafuu ukiimaliza, niletee hapa gazetini. Nitaisoma yote.