Mwekezaji wa mbali akibana, mshonaji anapata nini?

Ndugu uliyeuliza kama shinikizo la wanahisa wa Ulaya na Marekani linamfikia mshonaji wa Bangladesh au linaishia kwenye karatasi: linafika, ila inategemea wanadai nini.

Nilishona miaka minne katika kiwanda kimoja hapa Kampala, fulana za kwenda nje. Mlango wa nyuma ulipigwa kufuli, eti tusiibe. Funguo zilikaa mfukoni mwa msimamizi, na mchana yeye alikwenda kula mtaa wa pili. Wakaguzi wa mnunuzi wakija, tulijua siku mbili kabla: kufuli linatolewa, mitungi ya kuzimia moto inafutwa vumbi, tunafundishwa majibu. Gari lao likishavuka geti tu, tunasikia tena kufuli likibanwa.

Ndiyo maana habari ya Ali Enterprises, kiwanda cha nguo cha Karachi, Pakistan, iliniuma sana. Agosti 2012 kilipewa cheti cha SA8000, kile cha kuthibitisha kwamba kiwanda kinalinda haki na usalama wa wafanyakazi. Septemba 11 kikaungua, wakafa watu zaidi ya 250, wengi wamekwama kwenye milango iliyofungwa na madirisha ya nondo. Na cheti kilikuwepo!

Halafu ikaja Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo huko Bangladesh lililoporomoka Aprili 24, 2013. Nyufa zilionekana jana yake. Benki iliyokuwa humo ikawaondoa watu wake. Washonaji wakaamriwa warudi kazini. Wakafa zaidi ya 1,100. Mwezi uliofuata, wawekezaji zaidi ya 100 walizitaka kampuni za nguo zitie sahihi Accord, makubaliano kati ya kampuni na vyama vya wafanyakazi juu ya usalama wa viwanda vya Bangladesh, na hapo ndipo walipogusa penyewe, kwa sababu Accord ina meno. Ripoti za ukaguzi zinatangazwa hadharani. Kiwanda kikigoma kurekebisha, kinakosa oda. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuishtaki kampuni mbele ya wasuluhishi. Mwaka 2018 kampuni moja ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 2 baada ya kushtakiwa hivyo.

Basi mwekezaji akiuliza "mna cheti?" hajatusaidia. Aulize mmetia sahihi wapi, na ngazi ya dharura analipia nani, maana mnunuzi anayekandamiza bei ndiye anayemfanya mwenye kiwanda aahirishe ngazi hiyo kila mwaka.

Na sisi tusijitoe. Asilimia 5 ya mshahara wangu na 10 ya mwajiri zinakwenda NSSF, mfuko wetu wa akiba ya uzeeni, nayo inanunua hisa za makampuni. Kwa hiyo mimi pia ni mwekezaji. Mkutano ujao wa wanachama nitasimama niulize: huko pesa zetu ziliko, mlango wa nyuma uko wazi?